Pua ya Kuka

Juzi nilienda kwa fundi wa mbao, pale nyuma ya soko ya Kitale, kuchukua msalaba ya Baba. Nilifika mapema, nikapata bado anapaka. Nyinyi wa rika langu mnajua ile harufu ya rangi ya mafuta ikichanganywa na tapentaini. Inaingia kwa pua kama sindano halafu inakaa kwa koo. Ilinikuta nimesimama mlangoni na mkoba mkononi, nikashindwa kusonga. Sikulia. Kulia nilikuwa nimelia wiki nzima nikamaliza. Lakini hiyo harufu ilinishika bega ikanirudisha veranda ya Mzee Kofia, niko na miaka nane, nimekaa kwa stuli na miguu haifiki chini.

Fundi aliandika jina la Baba kwa herufi nyeupe, pole pole, akiegemeza mkono kwa kifimbo ndio usitetemeke. Alipomaliza akasema, "Mama, hapa chini watu huwekanga jina la kwao. Nitie wapi?"

Nikamwambia angoje kidogo.

Nataka kuwaeleza kwa nini swali ndogo kama hiyo ilinishinda. Kuandika mambo kama haya nimejifunza ukubwani, kwa masomo ya jioni, tayari niko na watoto, kwa hivyo mtanivumilia mahali nitakwama.

Mzee Kofia alikuwa mzungu mwalimu aliyestaafu akakataa kurudi kwao. Baba alikuwa mpishi wake, na sisi tulikaa nyumba ya wafanyikazi nyuma ya miti ya plamu. Kwa veranda kulikuwa na meza ya plaiwudi kubwa kuliko kitanda mbili, na juu ya hiyo meza kulikuwa na nchi. Milima, mto, msitu mnene, njia ya matope. Nchi yenyewe iliitwa Burma. Mzee alipigana huko akiwa kijana, na uzeeni alikuwa anaipigana tena kila Jumapili na rafiki yake mmoja daktari, kwa dadu, na askari wadogo wa chuma, kila mmoja kimo cha kidole changu.

Macho ya Mzee yalikuwa mazuri lakini mikono ilikuwa inatetemeka, hata chai ilimwagika kabla ifike mdomoni. Kwa hivyo Baba ndiye alipaka askari, na Baba ndiye alijenga nchi. Milima alitengeneza na magazeti aliyoloweka kwa uji, akakandika juu ya waya ya kuku, akaacha ikauke jua ya siku tatu. Nyasi ilikuwa unga ya mbao aliyotia rangi ya kijani. Msitu ilikuwa nyuzi za katani na kuvumwani, ile inamea kwa mawe kando ya mto. Mimi ndiye nilienda kuitafuta. Mto alipaka vanishi mara saba, na ukiinama karibu unaona uso wako.

Askari alikuwa anawaosha kwanza na sabuni, halafu anawapaka nyeusi mwili wote. Ikikauka anaanza nguo, mkanda, bunduki, viatu. Uso ulikuwa mwisho. "Mtu akishapata uso," Baba alikuwa anasema, "anaanza kukuangalia, na wewe huwezi fanya kazi ukiangaliwa." Brashi ya uso ilikuwa ya nywele tatu, na alikuwa anailamba ndio ncha ikae pamoja. Jumamosi jioni ulimi wake ulikuwa na rangi ya nyasi. Mama alikuwa anamwambia, "Simiyu, utakufa na hizo sanamu zako, na amri ya pili unaijua." Baba anajibu, "Mimi siziabudu. Mimi naziosha tu na kuzivalisha." Mama anacheka bila kutaka.

Sasa hiyo mchezo ilivyokuwa. Dadu ikianguka vibaya, askari amekufa. Mzee anamshika kiuno na vidole vyake vinavyotetemeka, anamlaza kwa trei ya chai. Jioni trei imejaa. Lakini Jumapili ijayo, nikitoka kanisani, nawapata wote wamesimama tena kwa msitu, hakuna hata mmoja amekosa. Mimi niliona hiyo kwa macho yangu, Jumapili baada ya Jumapili. Mtoto anaamini kitu ameona. Niliamini kufa ni kulazwa kwa trei.

Na Kuka alikuwa Burma. Kuka, yaani babu yangu, baba ya Baba. Wazungu walimchukua kwa vita kutoka Sirisia, bibi yake akiwa na mimba ya Baba, na hakurudi. Hakuna barua ilikuja kusema amekufa, na hakuna mtu aliyemwona akianguka. Baba hakuwahi kuona sura yake, hata kwa picha. Siku moja nikiwa nimebeba sukari nilimsikia akiuliza, sauti ya chini kabisa, "Mzee, huko, si unaweza kuwa ulimwona?"

Mzee aliangalia meza. "Simiyu," akasema, "walikuwa wengi. Mimi nilikuwa naona kofia tu."

Ilikuwa kweli hata kwa meza yake. Hao askari walitoka ng'ambo wamepigwa kwa kalibu moja, wote na pua nyembamba ya kizungu. Wale wa kwetu walikuwa wazungu waliopakwa rangi nyeusi. Siku hiyo Baba aliomba askari mmoja. Mzee akampa bila kuuliza ni wa nini.

Mimi nilijua ni wa nini kwa sababu nyumba yetu ilikuwa chumba moja na pazia. Nyumbani Sirisia kulikuwa na shamba ya Kuka, kutoka njia mpaka kijito. Ilikuwa inalimwa na ndugu mdogo wa Kuka, Mzee Wekesa. Kwetu shamba ya mtu inagawanywa akishazikwa. Kama mwili umepotea, wazee wanazika shina ya mgomba mahali pake, wanalia kama kawaida, wananyoa nywele, imekwisha. Mtoto wake anasimama kwa hiyo kaburi anasema, hapa ni kwetu. Lakini mke lazima akubali kwanza. Na Kukhu, nyanya yangu, alikuwa amekataa tangu Baba akiwa wa kunyonya. Walimletea mgomba mpaka mlangoni. Aliwaambia, "Mimi sikuolewa na mgomba."

Kwa hivyo Baba hakuwa na baba aliyekufa, na hakuwa na baba aliye hai. Alikuwa na kitanda kwa nyumba ya mtu.

Akafikiria hivi: kama mama amekataa mgomba kwa sababu haina sura, nitampelekea sura.

Pua alitengeneza na puti, ile ya kushikilia vioo vya dirisha. Alichukua kipande kama punje ya wimbi, akaikandika na kijiti cha meno, huku anajiangalia kwa kioo cha kunyolea. Ilikuwa inanuka mafuta, na nikiinusa hata leo mate inanijaa. Aliniambia, "Kukhu husema mimi nimefanana na yeye hapa juu. Basi tunaanza na mimi."

Safari ya kwanza tulifika Sirisia na mkate na sukari ya kununua Bungoma. Kukhu alikuwa anapepeta maharagwe. Alipewa askari, akampeleka kwa jua, akamgeuza hivi na hivi. Mzee Wekesa alikuwa amevuta kiti karibu, maana habari ilikuwa imemfikia.

"Masikio," Kukhu akasema. "Bwana yangu alikuwa na masikio yametoka nje. Hata tukiwa kwa mahindi ungemwona kwa masikio."

"Hiyo tu?" Baba akauliza.

"Na shingo. Huyu ni kama anaogopa. Bwana yangu hakuogopa."

Tulirudi Kitale Baba anaimba, nyimbo ya kanisa, sauti ya juu. Alitengeneza masikio, akasugua shingo kwa tupa. Wiki mbili hakulala mchana. Na ni wakati huo, nyuma ya pazia, nilimsikia akimwambia Mama, "Imebaki kidogo. Siku mama yangu atasema ni yeye, siku hiyo hiyo tunamzika."

Sikupata usingizi. Nilikuwa nimefurahia hiyo kazi, nikidhani tunamtengenezea Kuka sura ndio atambulike arudi nyumbani. Kumbe ni ya kumtia kwa shimo. Nilijua askari akilazwa kwa trei anasimama tena Jumapili. Lakini akiwekwa chini ya mchanga, nani atamsimamisha? Kwa akili yangu Kuka alikuwa hai huko Burma, amejificha tu mahali msitu imeshikana, na neno moja la Kukhu litamuua. Kila mtu mkubwa alikuwa anataka hilo neno. Nilibaki mimi peke yangu upande wake.

Asubuhi ya safari Baba akiwa anaoga, nilitoa pini iliyoshikilia shingo ya gauni langu, nikafungua kitambaa alichofungiwa askari, nikakwangua pua. Ilitoka yote mara moja, laini, kama kidonda kikitoka gamba. Ikabaki ile ya kizungu chini yake.

Kukhu alimpeleka kwa jua. Halafu akaanza kucheka, mabega yanatingika.

"Simiyu, umeniletea mzungu amepakwa masizi."

Mzee Wekesa alicheka mpaka akakohoa. "Bana, ndugu yangu alienda huko akageuka," akasema. "Ndio maana hakurudi. Aliona haya."

Baba alimchukua askari akamwangalia. Niliona vile uso wake ulifanya. Hakukasirika. Alifanya kama mtu ametoa ugali kwa wageni akapata haijaiva. "Ni joto," akasema. "Puti imelegea kwa njia. Ni makosa yangu, sikuipatia siku za kutosha."

Mimi nilikuwa nimekaa kwa mkeka na pini imerudi kwa gauni, nafurahi. Nataka mjue hivyo, maana ndio ukweli. Nilifurahi. Niliona nimeokoa mtu.

Nilifanya tena Krismasi. Nikafanya tena wakati wa mahindi mabichi. Baba alijaribu puti ya aina ingine, akajaribu gundi ya viatu, akajaribu kuacha askari kwa dirisha mwezi mzima. Ikikauka sana nilikuwa nakwangua polepole usiku mbili, nikijifanya naenda choo. Mzee Kofia mwenyewe alimwambia, "Simiyu, mimi ningeshaacha." Baba akasema, "Wewe uko na picha ya baba yako kwa ukuta, Mzee." Nilisikia hiyo, na sikuacha.

Mara ya mwisho Kukhu macho yalikuwa yameingia ukungu. Hakwenda kwa jua. Alimpapasa askari na kidole gumba, kofia, masikio, shingo, akafika kwa pua akasimama hapo. Akapapasa tena. Halafu akasema watu watoke, anataka maji na mimi nitamletea.

Tulibaki sisi wawili, na moshi ya jikoni, na kuku moja iliyokuwa inaatamia chini ya kitanda.

"Mukhana," akaniita, yaani msichana, "unatumia nini?"

Nikatoa pini nikamwekea mkononi. Aliipima uzito kama sarafu.

"Kabla ya kukwangua, pua ilikuwa aje?"

"Kama ya Baba."

"Kama ya Baba kabisa? Na hapa pembeni imekaa wapi?"

Nikamshika kidole nikakipeleka kwa pua yangu mwenyewe, kwa sababu mimi nimeichukua kwa Baba. Alinipapasa muda mrefu. Mikono yake ilikuwa inanuka maharagwe na majivu.

"Basi ilikuwa yeye," akasema.

Nikauliza, "Utawaambia wamzike?"

"Nilikuwa msichana," akasema, na haikuwa kwangu alikuwa anajibu. "Walitaka kuzika mgomba asubuhi, jioni Wekesa anirithi. Nikasema bwana yangu yuko. Nimesema hivyo mpaka nimezeeka. Sasa nitaanza kuwa mjane saa hii, nijifunze lini?"

Akanirudishia pini kwa gauni, akipapasa, bila kunidunga. "Usimwambie baba yako," akasema. Halafu akaita watu warudi, akampatia Baba askari wake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si yeye. Pua."

Kukhu alikufa mvua ya mwaka huo huo. Walimzika kwa boma ya Mzee Wekesa, kando ya mama mkwe wake, kwa sababu mume wake hakuwa na kaburi ya kumweka kando. Matanga ilipoisha Baba alisimama mbele ya wazee akaomba sasa wazike mgomba, mama ameenda. Mzee Wekesa alijibu kwa adabu, kofia mkononi. "Mwenye neno alikuwa mke. Amekufa akisema bwana yake yuko hai. Sisi ni nani tumwite mwongo na mchanga bado ni mbichi?" Hakuna mtu alipinga. Baba alinishika mkono, tukaenda.

Nyumba ya Kukhu ilivunjwa. Wavulana wa Mzee Wekesa walilima kutoka njia mpaka kijito, na mwaka mmoja Baba alipoenda kuomba hata robo, walimuuliza, "Kaburi ya baba yako iko wapi? Tuonyeshe tu, sisi tutahama." Hakwenda tena. Mzee Kofia alipokufa watu wake walikuja kutoka ng'ambo, wakachukua askari kwa sanduku, na wakatupa milima. Mvua ilinyeshea Burma kwa shimo ya takataka. Ilirudi kuwa magazeti, ungeweza kusoma.

Nilielewa nikiwa darasa la saba, nikiwa nachota maji, bila mtu kuniambia. Ndoo ilijaa ikamwagika na mimi nimesimama. Nilielewa trei ni nini na kaburi ni nini, na nilichukua nini kwa Baba. Tangu siku hiyo nimekuwa nataka kumwambia. Niliokoka, nikatubu mbele ya kanisa dhambi zote, na hiyo moja nikaipitia kando. Niliolewa, nikazaa, nikaongoza maombi ya akina mama miaka mingi, nimewaambia wanawake wengine, mwambieni tu mzazi, atakusamehe. Mimi sikusema. Nilikuwa nahofia kitu moja. Si kwamba atakasirika. Nilihofia atanisamehe, halafu ahesabu miaka.

Baba alipika kwa nyumba za watu mpaka miguu ikakataa. Alikufa kwa chumba cha kukodi hapa Kitale. Askari alikuwa kwa mkebe wa majani chai, chini ya mto wa kulalia. Siku zake za mwisho alikuwa anamtoa anampapasa, macho imefunga. Jioni moja nikimlisha uji akasema, "Unajua, masikio niliyapata. Shingo niliipata. Hiyo pua tu ndio ilinishinda. Mkono wangu haukuwa mzuri vile nilidhani."

Nilikuwa na kijiko hewani. Mungu alinipa hiyo nafasi wazi kabisa, mlango umefungwa, tuko wawili, kama ile siku na Kukhu. Nikasema, "Kunywa uji, Baba, inapoa."

Alikunywa.

Kwangu hawezi kuzikwa, mzazi hazikwi kwa wakwe. Sirisia nilipiga simu. Mjukuu wa Mzee Wekesa alinijibu vizuri, akanipa pole, akaniuliza lile swali la kaburi. Ni kijana, hata hajui ni maneno ya zamani anarudia. Kwa hivyo Baba alizikwa makaburi ya mji, pale wanazika watu wasio na kwao, na nyinyi wenye mnatoka Bungoma mnajua hiyo ni kusema nini juu ya mwanaume.

Kwa fundi, hiyo asubuhi, niliona kopo ya puti kwa benchi. Nikaomba kidogo. Alinipa bila kuuliza, akidhani labda dirisha limelegea nyumbani. Nilitoa askari kwa mkoba, nikakaa kwa ubao, nikachukua kijiti. Punje moja ya wimbi. Nilijipapasa pua yangu, nikakandika, nikajipapasa tena. Ikaanguka kwa unga ya mbao, nikaiokota, nikaipuliza, nikarudisha. Ikakaa kombo. Fundi aliinama akaangalia.

"Ni nani huyo?"

"Ni baba ya mwenye msalaba."

"Amefanana na wewe," akasema, akarudi kwa kazi yake.

Nilimtia Baba huyo askari kwa mfuko wa koti kabla wafunge sanduku, puti ikiwa bado mbichi. Pasta alisoma kwamba parapanda italia na wafu watafufuliwa, na mimi naamini hiyo, naamini kila neno, sina kitu kingine. Lakini wakiteremsha na kamba nilikuwa nasikiliza kama ile pua inashika. Huwezi kusikia kitu kama hiyo. Basi ndivyo Kuka alivyozikwa. Ni mimi nilimzika, kwa mchanga wa serikali, baada ya wote waliohitaji kaburi lake kwisha.

Na fundi siku ile aliniuliza mara ya pili, brashi imeloa inangoja, tone linataka kuanguka. "Mama, kwao? Nafasi iko."

"Iache," nikamwambia.

"Itakaa kama imesahauliwa."

Nikalipa, nikabeba msalaba mwenyewe. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, na hata sasa nikiandika iko kwa vidole, nyeupe, haitoki na sabuni.